Maji ya Kuoshea Sahani za Santuri



Miongoni mwa barua zilizotufikia imo moja ya kijana wa Tanga, ambaye ametuomba tusilitaje jina lake. Asema kwamba babu yake alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha sanduku la sahani za santuri, na katika kugawana vyombo vya nyumba hakutokea aliyelitaka ila yeye. Ndani yake mna sahani za Qur'ani Tukufu zilizotoka Misri, sahani za kasida, sahani mbili nzito za zamani za Siti binti Saad, na sahani moja isiyo na jina lolote, ila maandishi ya kalamu yaliyofifia. Zote zimeingia vumbi na koga. Kijana akatwaa moja katika zile za Qur'ani, akaiosha kwa maji ya bomba yaliyochemshwa yakapozwa, kwa kuwa aliona hayo ndiyo maji safi kupita yote yaliyomo nyumbani. Kisha akaisimamisha mpaka ikakauka yenyewe. Alipoiweka katika mashine, sauti ya msomaji ilikuja imefunikwa na mlio wa kupasukapasuka, kama wa samaki anayekaangwa, tena mwingi kuliko ule uliokuwapo kabla ya kuosha. Anatuuliza: je, ameiharibu? Na zilizobaki azioshe kwa maji gani?

Tumeona bora kumjibu hapa kuliko kumjibu peke yake, kwa maana si yeye tu mwenye shida hii. Sahani hizi, ambazo watu walidhani zimekwisha kufa mbele ya kaseti na sidii, zimefufuka. Nchini Marekani mwaka 2022 ziliuzwa sahani za vinili zipatazo milioni 41 na sidii zipatazo milioni 33, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987 sahani kuishinda sidii kwa idadi. Kwetu sisi, aghalabu hazikurudi kwa njia ya dukani, bali kwa kufunguliwa masanduku ya wazee. Wala hatukusudii hapa kuingia katika mabishano ya nyimbo zipi zafaa kusikilizwa na zipi hazifai. Mlango huo una wenyewe. Tunasema juu ya maji.

Yafaa kwanza tujue ni kitu gani kinachooshwa. Juu ya kila upande wa sahani kuna mfuo mmoja tu, wala si mingi kama inavyoonekana kwa macho, nao unazunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na karatasi ya katikati. Katika sahani kubwa ya vinili ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, lau tungeweza kuuvuta mfuo huo ukawa kamba iliyonyooka, ungepata urefu wa karibu nusu kilomita. Upana wake ni kama sehemu ya ishirini ya milimita moja. Sauti imechongwa katika kuta mbili za mfuo huo, na sindano hupita katikati ikitikiswa na michongo ile. Basi chochote kilichoganda ukutani, sindano itakisoma kana kwamba ni sehemu ya sauti. Haijui kutenga herufi ya msomaji na punje ya chokaa.

Hapa ndipo ilipo siri ya maji. Maji yanapokauka, yanayoondoka ni maji peke yake. Kila kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake hubaki. Mama wa nyumba za pwani wanalijua jambo hili zaidi ya mafundi, kwani wanaliona kila siku katika birika: ule ukoko mweupe uliogandamana chini na ubavuni ni chokaa iliyokuwamo katika maji ambayo machoni yalikuwa meupe kama kioo. Visima vingi vya Unguja, vya Mombasa na vya mwambao wote vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa tupu, na maji yakipita humo huichukua. Ndiyo maana sabuni haitoi povu upesi katika maji ya baadhi ya visima vyetu.

Na tufanye hesabu ndogo. Tuseme maji ya kisima yana miligramu 500 za chumvi na madini katika lita moja, kiasi ambacho si cha ajabu pwani. Ukiosha sahani ukaacha juu yake maji kadiri ya kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, yakauka yenyewe, umeacha miligramu 2 na nusu. Kijana atacheka aseme ni kitu gani hicho. Ni kiasi cha punje arobaini hivi za chumvi ya mezani, na punje moja ya chumvi hiyo ni pana mara kadhaa kuliko mfuo wenyewe. Ugawe utakavyo, uisage itakavyosagika, yote hiyo imeingia mahali ambapo hapana nafasi hata ya unywele.

Basi kosa la kijana wetu halikuwa katika nia. Alidhani kwamba kuchemsha kunasafisha. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa mnywaji hilo ni jambo kubwa. Lakini sahani haiumwi tumbo. Baadhi ya chokaa hujitenga maji yanapochemka, na hiyo ndiyo inayoganda katika birika, lakini chumvi zilizobaki hazitoki, bali huzidi ukali kwa kuwa maji yaliyokuwa yamezibeba yamepungua kwa mvuke. Na vile vipande vya chokaa iliyojitenga, kama maji hayakuchujwa, huja vikielea hadi kwenye sahani.

Sisi tuliosomeshwa chuoni tunakumbuka kwamba vitabu vya fiqhi, hata kile kidogo cha Abu Shujaa, hufungua mlango wa tohara kwa kutuhesabia maji saba yanayofaa kujitoharishia: maji ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Yote hayo ni twahara na yanatoharisha, wala hapana shaka juu yake. Walakini tohara ni hukumu ya sheria juu ya mja na ibada yake, na usafi wa sahani ni jambo la chumvi na mfuo. Mtu akichanganya hayo mawili atajidhuru. Maji ya bahari yanamtoharisha mvuvi akaswali swala yake kamili, na ndani yake mna gramu 35 za chumvi katika kila lita! Ukiyamimina juu ya sahani umeizika.

Katika hayo saba, ya mto, ya kisima na ya chemchemi yote ni maji yaliyopita katika ardhi, na kila maji yaliyopita katika ardhi yamechukua kitu. Ya theluji na ya mvua ya mawe tuwaachie walio nayo. Yanabaki ya mvua, nayo kwa asili ndiyo bora, kwa sababu ni mvuke uliopanda ukaacha chumvi chini. Lakini tazama yanavyotufikia: yamepita juu ya bati lenye vumbi, kutu na kinyesi cha kunguru, yameteremka katika mfereji wa paa, yamelala katika tangi. Mwenye kuyakinga katikati ya mvua kubwa, baada ya paa kwisha kuoshwa, katika chombo safi kilichowekwa uwanjani mbali na paa, atakuwa na maji yanayokaribia kufaa. Aliye karibu na bahari ajue kwamba upepo hubeba chumvi.

Yako mengine ambayo vitabu vya zamani havikuyahesabu. Maji ya chupa yanayouzwa madukani ni ya namna mbalimbali. Yapo yaliyotolewa chemchemini na madini yake, na yapo yaliyoondolewa madini kisha yakatiwa tena kidogo ili yapate ladha. Chupa nyingi zimeandikwa kiasi cha madini kwa miligramu katika lita, basi msomaji asome. Maji yanayodondoka kutoka mashine ya kupoza chumba ni mvuke uliogeuka maji, na wako wanaoyakinga wakatia katika betri za magari. Lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba na mabati yenye vumbi na koga, na sisi hatuyashauri. Maji yaliyopita katika chujio la nyumbani yameacha takataka na vijidudu, ila chumvi iliyoyeyuka hupita katika chujio la kawaida kama mwizi anavyopita kwenye ua uliobomoka.

Na hapa hatuna budi kusema neno juu ya maji ya Zamzam, kwa sababu mtu mwenye mapenzi anaweza kufikiri kwamba sahani yenye maneno ya Mwenyezi Mungu haistahili kuoshwa ila kwa maji hayo. Mapenzi hayo ni mema. Lakini Zamzam ni maji yenye madini mengi, kuliko maji mengi ya chupa tunayokunywa, na aliyewahi kuyaacha yakauke katika kikombe ameona alama yake nyeupe. Sunna ya Zamzam ni kunywewa. Msomaji aliyeletewa kichupa na hujaji ayanywe, akaombe dua, na sahani aitafutie maji mengine. Kadhalika maji ya mawaridi, ambayo wengine hunyunyiza kila mahali siku ya maulidi: yana mafuta ya maua ndani yake, na mafuta juu ya sahani ni gundi ya vumbi.

Maji yanayofaa ni ya namna mbili. Kwanza, maji ya mvuke, ambayo wataalamu huyaita maji yaliyokenekwa: huchemshwa, mvuke wake ukakusanywa na kupozwa ukarudi kuwa maji, na chumvi zote zikabaki katika chombo cha kwanza. Pili, maji yaliyoondolewa chumvi kwa kupitishwa katika punje za dawa maalumu zinazonasa madini. Watu hugombana sana yapi ni bora kati ya hayo mawili. Kwa kazi hii tunaona ugomvi huo hauna faida: yote mawili hukauka bila kuacha kitu cha kusikika. Library of Congress, maktaba kuu ya taifa la Marekani, ambayo imehifadhi sahani nyingi mno, hutumia maji yaliyoondolewa chumvi kuoshea sahani zake.

Asiyeamini na apime. Atwae kipande cha kioo kilichosafishwa vizuri, aweke juu yake matone ya maji mbalimbali, tone la bomba, la kisima, la chupa, la mvua, la mvuke, na kando ya kila moja aandike jina lake katika kijikaratasi. Akiache kioo kivulini mpaka siku ya pili, kisha akitazame mbele ya dirisha. Ataona duara nyeupe chini ya baadhi ya majina, na chini ya jina moja au mawili asione kitu. Watoto watapenda kazi hii, na mwalimu wa madrasa anaweza kuifanya mbele ya wanafunzi kwa gharama ya bure.

Maji hayo hupatikana katika maduka ya dawa na, zaidi, katika vituo vya mafuta na maduka ya vipuri, yakiwa katika chupa za kuongezea betri. Na hapa, enyi wazazi, tunaomba mtusikilize kwa makini zaidi ya mahali pengine pote katika ukurasa huu. Jina la "maji ya betri" watu hulitumia kwa vitu viwili. Kimoja ni maji haya matupu tunayoyasema. Cha pili ni tindikali ya salfuri iliyochanganywa na maji, ambayo hutiwa katika betri mpya, nayo huunguza ngozi, hupofua macho, na mwenye kuinywa huungua koo na tumbo. Vyote viwili ni vyeupe, havina rangi ya kutambulisha, na vyaweza kukaa katika rafu moja. Usimtume mtoto dukani akanunue "maji ya betri". Nenda mwenyewe, usome karatasi ya chupa, ukubali chupa iliyofungwa kiwandani tu, wala usikubali kupimiwa kutoka dumu. Na ukifika nyumbani usiyahamishie katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Yaache katika chupa yake, mahali pa juu. Sahani ya santuri, hata iwe ya thamani gani, haifikii thamani ya jicho la mtoto mmoja.

Sasa tuseme namna ya kuosha, kwa ufupi. Maji matupu hayapendi kukaa juu ya vinili. Hujikusanya matone matone kama yanavyofanya juu ya jani la mgomba, yasiingie katika mfuo. Kwa hiyo maji ya kwanza hutiwa tone moja la dawa ya kulowesha, kama ile ambayo wasafishaji wa picha hutumia kuoshea filamu mwishoni ili isipate madoa. Asiyeipata atie tone moja, na tukisema moja tunakusudia moja, la sabuni ya maji isiyo na rangi wala manukato, katika nusu lita. Ilaze sahani juu ya taulo safi. Ondoa vumbi kavu kwanza kwa brashi laini. Kisha lowesha, ukiikinga karatasi ya katikati isiguswe na maji, na upitishe brashi au kitambaa laini kwa kuzunguka, ukifuata mfuo, wala usiukate. Maji yawe ya ubaridi wa kawaida au vuguvugu hafifu. Maji ya moto huipinda vinili, na sahani iliyopindwa na moto hakuna fundi wa kuirudisha kama ilivyokuwa.

Baada ya hapo suuza kwa maji ya mvuke matupu yasiyo na sabuni, maana sabuni nayo ikikauka hubaki. Maji yaliyokwisha kusuuzia upande mmoja usiyarudishe kusuuzia wa pili. Wanachuoni wetu wa Kishafii wana mlango wao juu ya maji machache yaliyokwisha kutumika, na ingawa sababu zao si hizi, mwenye kuukumbuka mlango huo atakumbuka na hili.

Kisha, na hili ndilo ambalo wengi huliacha: usingoje maji yakauke. Yaondoe. Maji yaliyofutwa kwa kitambaa huondoka na chumvi zake. Yaliyoachwa kukauka huziacha. Futa kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kwa kuzunguka, ndipo uisimamishe kivulini muda wa unyevu uliobaki kwisha. Wenye uwezo hununua mashine zinazofyonza maji kutoka katika mfuo, na hizo ni nzuri, lakini kwa sanduku moja la babu kitambaa kinatosha. Na asiyeweza kupata maji ya mvuke mengi aitumie chupa yake kwa maji ya mwisho tu; ya kwanza yaweza kuwa ya bomba yasiyo makali, mradi yasiachwe kukauka kabla ya kusuuzwa. Hukumu ni ya maji ya mwisho.

Wala kazi hii haitaki maji mengi. Tumepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kadiri ya viganja viwili vilivyojaa vya mtu wa kati. Sahani moja, pande zake zote mbili, haihitaji hata nusu ya hapo. Chupa ya lita moja itaosha sahani sita bila taabu.

Yote tuliyosema mpaka hapa ni ya vinili. Zile sahani mbili za Siti binti Saad zina habari nyingine. Siti na wenziwe walisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928, wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, nao wakawa wa mbele katika pwani yetu kuimba Kiswahili katika sahani. Wakati huo vinili haikuwako. Sahani kubwa za vinili za mizunguko 33 na theluthi zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Sahani za Siti ni za lakiri, utomvu unaotolewa na wadudu wa India, uleule uliotumika katika kupigia mihuri ya barua, ukachanganywa na unga wa mawe. Ni nzito, zinakwenda mizunguko 78 kwa dakika, na zikianguka huvunjika kama kigae. Nchini India ziliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1960, kwa hiyo si kila sahani ya lakiri ni ya kale sana.

Lakiri haipatani kabisa na spiriti. Muulize fundi seremala: vanishi yake ya kung'arishia makabati ni lakiri iliyoyeyushwa katika spiriti. Basi dawa za kusafishia sahani zenye spiriti, ambazo wengine huzitia katika vinili, zikigusa sahani ya Siti huyeyusha sauti yenyewe. Hizi huoshwa kwa maji ya mvuke ya baridi na tone lilelile la sabuni, upesi, bila kulowekwa, na kukaushwa papo hapo. Kama sahani ina ufa, au ukingo umeanza kufunuka, isiguswe na maji. Ziko zilizotengenezwa na tabaka la karatasi ndani, na maji yakiingia humo karatasi huvimba. Wala asije mtu akatia siki ili kuondoa chokaa, kwa sababu huenda unga uliochanganywa katika lakiri ni wa mawe ya chokaa, na siki hula chokaa.

Tumeulizwa pia kama sahani ya Qur'ani yaweza kushikwa bila udhu. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema kwamba haina hukumu ya msahafu, kwa kuwa hakuna herufi zinazoonekana wala kusomwa katika mfuo. Lakini karatasi ya katikati na jalada mara nyingi huandikwa Bismillahi au aya, na hayo ni maandishi. Jalada lisiwekwe chini miguuni wakati wa kuosha, na karatasi ilindwe na maji kwa sababu mbili badala ya moja.

Zile za Misri, kwa kadiri ya maelezo ya barua, twadhani ni katika kisomo kilichotolewa mwaka 1961 kwa sauti ya Sheikh Mahmud Khalil al-Husary, kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim. Hicho ndicho kisomo cha kwanza cha Qur'ani nzima kurekodiwa na kutolewa kwa sahani. Sauti hiyo haikupotea duniani. Hata leo yasikika katika simu ya mkononi. Lakini kijana atuambia kwamba babu yake alikuwa akiifungua kila alfajiri ya Ramadhani, na kwamba mikwaruzo ya mwanzo wa Suratu Yusuf anaijua kwa moyo kama anavyoijua sura yenyewe. Hiyo haimo katika simu.

Basi jibu lake ni hili. Sahani aliyoiosha hajaiharibu, ikiwa hajaipiga tena na tena. Sindano yenye uzito wa gramu 2 hivi, uliokusanyika katika ncha ndogo isiyoonekana, hukandamiza sana, na ikipita juu ya punje za chokaa huzisaga ukutani. Hapo ndipo kovu huwa la daima. Aiweke kando asiipige. Ailoweshe kwa maji ya mvuke yenye tone la sabuni, ayaache kama dakika tano bila kukauka, apitishe brashi, afute, kisha asuuze kwa matupu mara mbili. Chumvi zitatoka upesi. Chokaa ni ngumu zaidi, na yamkini itahitaji kurudiwa mara tatu. Asafishe na ncha ya sindano, maana haikosi kubeba alichokisaga.

Inabaki ile sahani isiyo na jina. Hiyo tunamsihi asiioshe kwa maji ya namna yoyote, wala asiipige. Sahani yenye maandishi ya mkono yaelekea kuwa ya namna iliyochongwa moja moja, katika redio au katika chumba cha kurekodia, kabla ya kanda za sumaku kuenea. Aghalabu ni bamba la alumini au la kioo lililopakwa rangi maalumu, na rangi hiyo kwa uzee hukatika na kubanduka vipande vipande. Mara nyingi hapana nakala nyingine. Sauti nyingi za Sheikh Muhammad Rifaat wa Misri, aliyefungua redio ya Cairo kwa Qur'ani mwaka 1934 na akafariki mwaka 1950, zimetufikia kwa sababu ya wapenzi wake waliomnasa kutoka redioni majumbani mwao. Lau wangelizitupa au kuziosha vibaya, tusingekuwa nazo. Aitazame chini ya mwanga kama kando ya tundu la katikati panaonekana bati au kioo. Aisimamishe wima katika jalada safi la karatasi, mahali pakavu, aipige picha maandishi yale kabla hayajafutika kabisa, na amtafute mtaalamu wa kuhifadhi sauti ainakili kwa mashine inayostahili.

Na kabla ya hayo, kama bibi yake yungali hai, au yuko mzee yeyote wa mtaa aliyekuwa akiingia nyumba ile, ampelekee picha ya maandishi hayo amuulize ni mkono wa nani. Atuandikie tena atakachoambiwa.